Mkombozi Aliyegeuka Mmezaji: Mwingilianomatini wa Mchezo wa Sonic.exe na Ngano za Zimwi kwa Hadhira ya Kansay, Karatu

1.0 Utangulizi

Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki zimwi humeza watu, mifugo na pengine kijiji kizima, kisha mtoto mmoja aliyesalia hulipasua tumbo na waliomezwa wakatoka wakiwa hai. Msikilizaji huogopa kwelikweli, lakini huogopa ndani ya ahadi: kilichomezwa kitarudi. Ahadi hiyo ndiyo inayomruhusu bibi kumsimulia mjukuu wake kisa cha kutisha usiku, kisha akamwambia alale.

Sehemu hii inahakiki Sonic.exe, mchezo wa kompyuta uliotungwa na shabiki kutokana na mchezo mchangamfu wa Sonic the Hedgehog, pamoja na mfululizo wa michezo iliyouzaa. Uhakiki unaongozwa na nadharia ya mwingilianomatini, iliyopewa jina hilo na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, inayoshikilia kuwa kila matini hufumwa kutokana na matini nyingine. Mwanga wa pili unatoka katika fasihi simulizi na imani za Wairaqw, ambao ndio wakazi wengi wa kata ya Kansay, Wilaya ya Karatu. Mtoto wa Kansay husikia Kiiraqw nyumbani na kusoma Kiswahili shuleni. Simu inapofika mkononi mwake, hufikiwa pia na masimulizi ya namna hii. Kwa hiyo swali la jinsi kitisho hiki kinavyofanya kazi linamhusu mlezi na mwalimu kama linavyomhusu mhakiki.

2.0 Matini Chanzi: Furaha Yenye Ngano Ndani Yake

Sonic the Hedgehog ulitolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1991 kwa ajili ya mashine ya Mega Drive. Miongoni mwa waundaji wake wakuu walikuwa Yuji Naka, Naoto Ohshima na Hirokazu Yasuhara. Mhusika mkuu ni kalunguyeye wa buluu anayekimbia kwa kasi, anayeruka majukwaa na kukusanya pete za dhahabu. Mandhari ya kwanza ni vilima vya kijani, minazi, maporomoko ya maji na muziki wa kuchangamsha. Mchezaji anapogongwa na adui akiwa na pete, pete humwagika lakini yeye husalimika. Makosa yanasameheka.

Wepesi huo wa nje usimfiche mhakiki msuko wa ndani. Adui mkuu, Dakta Robotnik, amewakamata wanyama wadogo na kuwafungia ndani ya mashine. Sonic anapoivunja mashine, sungura au ndege huchomoka akiwa hai na kukimbia. Mwishoni mwa maeneo mengi yenye pambano kubwa kuna chombo kilichojaa wanyama, nacho kikifunguliwa wote hutoka kwa pamoja. Huu ni msuko wa zimwi mmezaji: kuna anayemeza, kuna tumbo, kuna anayelipasua na kuna waliomezwa wanaorudi. Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano za Urusi wa mwaka 1928, alionesha kuwa majukumu ya wahusika hudumu hata majina na sura zao zinapobadilika. Kwa mtazamo huo, mashine ya Robotnik na tumbo la zimwi hutimiza jukumu moja. Furaha ya mchezo huu ina mzizi katika jambo zito zaidi ya rangi na muziki. Ni furaha ya ukombozi.

3.0 Matini Pindu: Mkombozi Anapokuwa Mmezaji

Mwaka 2011 hadithi fupi ya kutisha iitwayo Sonic.exe ilianza kusambaa, ikiwa imetungwa na shabiki aliyetumia jina la JC-the-Hyena. Kijana aitwaye Tom anapokea diski kutoka kwa rafiki yake pamoja na barua inayomsihi aiharibu. Anapuuza onyo, anacheza, na anakuta ulimwengu alioupenda umeoza. Mwaka 2012 shabiki mwingine, MY5TCrimson, aliigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo unaochezeka, na baadaye akauendeleza kwa Sally.exe.

Kifani, hadithi ya awali ina udhaifu ulio wazi. Msimulizi hueleza hofu yake badala ya kuijenga, na damu hutajwa mara nyingi hadi inapoteza uzito. Mchezo umefanikiwa zaidi kwa sababu hauna haja ya kueleza. Skrini ya mwanzo inafunguka kama ile ya mwaka 1991, kisha ghafla anga linakuwa jeusi, maji yanakuwa mekundu na macho ya Sonic yanakuwa mashimo yenye vitone vyekundu. Mchezaji hapewi nafasi ya kumwongoza Sonic. Anapewa Tails, Knuckles na Robotnik, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anamwongoza kwenda kuangamia.

Tukio lenye nguvu kuliko yote linatokea mapema. Tails anakimbia kwenye vilima vilevile, na njiani wamelala wanyama wadogo wakiwa wamekufa. Mchezaji anayeufahamu mchezo wa kwanza anajua kuwa hao ndio waliokuwa wakichomoka kutoka katika mashine. Hakuna tena tumbo la kupasua. Mwishoni mwa njia amesimama Sonic, amefumba macho, na Tails anamkaribia kwa sababu ni rafiki yake. Mkombozi wa jana ndiye mmezaji wa leo, na uaminifu wa rafiki ndio unaomfikisha kwake.

Hapa ndipo mwingilianomatini unapodhihirika kuwa uti wa mgongo wa kazi. Sigmund Freud, katika insha yake ya mwaka 1919 kuhusu kitisho cha kilichozoeleka, alieleza kuwa hofu ya aina fulani huzuka pale jambo la nyumbani linapojitokeza likiwa geni. Sonic.exe unategemea uzoefu huo kikamilifu. Asiyewahi kucheza mchezo wa kwanza ataona mizoga tu. Aliyeucheza ataona ahadi iliyovunjwa. Nguvu yote ya matini pindu imekopwa kutoka katika matini chanzi, na pale inapoacha kukopa na kutegemea kicheko kikali au picha ya kushtukiza, inadhoofika mara moja.

4.0 Mahali pa Kitisho: Lo'a na Neetlangw

Imani za jadi za Wairaqw zinasaidia kuona jambo ambalo nadharia ya Freud hailigusi. Katika imani hizo, Lo'a anahusishwa na jua na ni mwenye kuumba na kutunza, naye hufikiriwa kuwa wa kike. Neetlangw ni nguvu ya kuogopwa inayohusishwa na ardhi na maji, hasa chemchemi na vijito. Kitisho, kwa hiyo, kina makazi yake. Mtu anajua ni wapi apite kwa tahadhari na ni wapi atembee bila wasiwasi. Ulimwengu una hatari, lakini hatari ina mipaka, na sura ya anayetunza haichanganywi na sura ya anayeangamiza.

Sonic.exe unaondoa mipaka hiyo. Kiumbe wake anajitangaza kuwa mungu huku akiwa amevaa uso wa mhusika aliyependwa. Mandhari hazigawanyiki tena kati ya mahali salama na mahali pa hatari, kwani kilima cha kijani chenyewe ndicho mtego. Kwa msikilizaji aliyelelewa katika mgawanyo wa Lo'a na Neetlangw, hili ni kosa kubwa zaidi ya umwagaji damu. Ni kama kuambiwa kuwa jua limehamia chemchemini. Usomaji huu unafafanua kwa nini mchezo wenye picha duni kiufundi unaweza kumsumbua mtoto kuliko filamu yenye mizoga mingi. Filamu humwonesha adui. Mchezo humnyang'anya rafiki.

5.0 Hadhira Isiyo na Kiitikio

Mulokozi (1989), katika mjadala wake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anasisitiza kuwa fasihi hiyo ni tukio linalofungamana na muktadha: kuna fanani, kuna hadhira, kuna mahali na wakati. Kwa Wairaqw, hali hii inaonekana vizuri katika slufay, maombi ya kishairi ambayo mzee huyatamka na waliohudhuria wakaitikia kwa pamoja. Maneno ya mmoja hukamilishwa na sauti za wengi. Hata ngano zilizochapishwa, kama zile zilizokusanywa na W. D. Kamera katika Hadithi za Wairaqw wa Tanzania (1978), zilitoka vinywani mwa watu waliosimulia mbele ya wenzao.

Michezo ya kompyuta husifiwa kwa kumpa mpokeaji nafasi ya kutenda. Hata hivyo, katika Sonic.exe nafasi hiyo ni jina tu. Mchezaji anabonyeza vitufe, wahusika wanakimbia na kuruka, lakini hakuna tendo linalobadili hatima. Pete zilizokuwa kinga katika mchezo wa kwanza hazimwokoi yeyote. Mtoto anayesikiliza ngano akiwa amekaa kimya anashiriki zaidi, kwa maana wimbo anaouitikia ni sehemu ya nguvu inayolishinda zimwi. Katika mchezo huu mikono ya mchezaji inafanya kazi kwa niaba ya zimwi, kwa kuwa bila yeye Tails asingefika mwisho wa njia.

Inawezekana kudai kuwa huo ndio ufanisi wa mchezo: unamfanya mchezaji ahisi hatia. Dai hilo lina ukweli, lakini hatia isiyo na uchaguzi haizai fikra ya kimaadili. Tanzia nzuri humwonesha mtu njia mbili kisha akachagua inayomwangamiza. Sonic.exe unaonesha njia moja.

Mashabiki wenyewe wanaonekana kulihisi pengo hili. Baadhi ya michezo iliyofuata, kama Sonic.exe: The Spirits of Hell, imeweka miisho mbalimbali ambayo hutegemea uchaguzi na ustadi wa mchezaji, na kuna miisho ambamo wahusika husalimika. Mabadiliko haya yanafanana na maisha ya ngano. Fanani mmoja husimulia kisa kinachoishia tumboni mwa zimwi, na mwingine, akiwa mbele ya hadhira nyingine, hukirefusha hadi tumbo lipasuliwe. Mfululizo huu, uliozaliwa nje ya kampuni yenye mali na bila msimamizi mmoja, umepita katika vinywa vingi na umeanza kudai tena ahadi ambayo mchezo wa mwaka 2012 uliivunja.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa Sonic.exe una thamani ya kifasihi inayotokana na upinduaji wa msuko wa kale wa mmezaji na mkombozi, na kwamba udhaifu wake mkubwa ni kumnyima mpokeaji kiitikio. Hivyo basi, hoja ya kwamba michezo ya namna hii haiwafai watoto kwa sababu inatisha haitoshi. Ngano za zimwi zimetisha watoto kwa vizazi vingi na bado zimewalea. Kipimo kinachofaa ni hiki: baada ya kumtisha mpokeaji, kazi inamfanyia nini? Je, inamwachia wimbo wa kuimba, njia ya kuchagua, au mtu wa kumrejesha aliyemezwa?

Kwa mlezi wa Kansay, kipimo hicho kinaelekeza kwenye jukumu ambalo simu haiwezi kulitimiza. Mtoto aliyekutana na mmezaji asiye na mwisho anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsimulia kisa ambacho tumbo linapasuliwa. Ngano hizo zipo, na baadhi zimekwisha kuchapishwa. Kinachohitajika ni fanani, na mtoto wa kumwitikia.