Injini Moja Juu ya Ikungi: Namna ya Kuipima Ndege Kongwe ya Injini Mbili

Mwenye kuuza ndege kongwe atakuonyesha kwanza viti vilivyoshonwa upya, rangi inayong'aa na kioo cha GPS. Mwache amalize. Kisha muulize: mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, watu wanne wamo ndani na mizigo yao, ndege ndiyo kwanza imeuacha uwanja wa Singida, mara injini ya kushoto inazima. Itapanda au itashuka? Akikujibu kwa tarakimu, endelea kuzungumza naye. Akikujibu kwa sifa za ndege, umeshajua unaongea na mtu wa namna gani.

Swali hilo halina uzito huo ukiwa Dar es Salaam. Lina uzito kwa mtu wa wilaya yetu ya Ikungi, mkoani Singida, awe mfanyabiashara wa alizeti, mkandarasi wa mgodi wa Mang'onyi, au taasisi inayotaka mgonjwa wa Makiungu afikishwe hospitali kubwa kabla jua halijazama. Uwanda wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,300 na ushei, na injini isiyo na tabo hubaki na robo tatu hivi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibati chake. Injini moja ikifa, usidhani umepoteza nusu ya uwezo wa kupanda. Umepoteza asilimia 80 au zaidi, maana sehemu kubwa ya nguvu hutumika kuishikilia ndege isianguke, na kinachobaki juu ya hapo ndicho cha kupandia.

Jambo lingine wanunuzi wengi hawaambiwi. Kanuni za Marekani, ambako nyingi ya ndege hizi zilitengenezwa, hazikuilazimisha ndege ndogo ya injini mbili ipande kwa injini moja, ilimradi uzito wake usizidi kilo 2,722 na iweze kuruka polepole kiasi cha noti 61 bila mbawa zake kupoteza uwezo wa kuibeba. Mtengenezaji alitakiwa kupima na kuandika alichokiona tu. Kwa hiyo ndege inaweza kuwa na cheti halali huku kitabu chake kikikiri kwamba kwa injini moja, katika joto na mwinuko fulani, inashuka. Kifungue kitabu kwenye ukurasa huo kabla hujafungua mlango wa ndege. Utakuta humo dari ya injini moja, yaani mwinuko ambao ndege iliyojaa hubaki na uwezo wa kupanda mita 15 tu kwa dakika. Kwa ndege nyingi za kundi hili dari hiyo iko jirani mno na uwanda wetu, na kwa baadhi iko chini yake.

Aina ninayoipenda, pamoja na kasoro zake, ni Piper Aztec. Ilitengenezwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi 1981, na ina historia nchini petu: Precision Air ilianza Arusha mwaka 1993 kwa kukodisha Aztec moja ya viti vitano, miaka mingi kabla ya ndege zake za ATR kujulikana Mwanza na Bukoba. Bawa lake ni nene na linabeba vizuri kwa mwendo mdogo. Chini ya mabati ya chumba cha abiria kuna fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, nayo huvumilia viwanja vya changarawe kuliko ndege nyingi za rika lake. Kila injini, Lycoming ya silinda sita, inatoa nguvu za farasi 250.

Kasoro yake kubwa imekaa kushoto. Propela zote mbili huzunguka upande mmoja, na kwa mpangilio huo injini ya kushoto ikifa ndege huvutwa vibaya zaidi kuliko ya kulia ikifa. Aztec nyingi pia zilitoka kiwandani na pampu moja tu ya haidroliki, nayo imefungwa kwenye injini hiyohiyo ya kushoto. Ikizima wakati wa kupaa, rubani anabaki na magurudumu yanayoning'inia na kuikokota ndege, naye lazima ayapandishe kwa pampu ya mkono huku mguu wake umekandamiza usukani wa mkia. Fungua bodi la injini ya kulia uangalie. Ukiikuta pampu ya pili imefungwa, jua mmiliki mmoja huko nyuma alikuwa anafikiri sawasawa, na ndege hiyo ina thamani kuliko jirani yake mwenye viti vya ngozi.

Cessna 310 ina mbio na umbo la kuvutia, ila miguu yake ni dhaifu kwa viwanja vyetu. Fundi asiyejua kupima vyuma vinavyoikunja na kuikunjua atakuachia ndege itakayolala tumboni siku moja. Beechcraft Baron ni kazi ya fundi aliyeipenda kazi yake, na vipuri vyake vina bei ya namna hiyo. Islander ya Britten-Norman, iliyoruka mara ya kwanza 1965, miguu yake haikunjwi kabisa, hivyo hilo si la kuhangaikia. Wanaokuuzia ndege yenye tabo watakwambia tatizo la mwinuko limekwisha. Ni kweli tabo hurudisha nguvu, lakini huleta joto, na joto hupasua mabomba ya moshi. Mwaka 2000 mamlaka ya Marekani ilitoa amri ya kukagua mifumo ya moshi ya Cessna za injini mbili zenye tabo kwa sababu hiyohiyo. Ukinunua tabo, nunua pia fundi anayeyajua mabomba hayo.

Sasa injini zenyewe. Lycoming inashauri ovahoo ya injini kama za Aztec kila saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Wauzaji husoma saa wakaruka miaka. Mimi husoma miaka kwanza. Injini yenye saa 1,400 iliyoruka kila wiki naiamini kuliko yenye saa 300 iliyokaa miaka saba chini ya turubai, kwa kuwa katika Lycoming kamshafti iko juu, na oili huchuruzika chini ikaiacha kavu. Kutu huanza taratibu kwenye nundu zake, na siku injini inapowashwa, kutu hiyo inakuwa msasa. Pitia daftari la injini ukitafuta mapengo ya tarehe. Miezi minane bila saa hata moja ni swali linalotaka jibu.

Kisha omba silinda zipimwe mgandamizo mbele yako, injini ikiwa ya moto. Fundi hufungua plagi moja, hufunga mpira wa hewa mahali pake na kuingiza hewa ya kipimo cha 80, halafu husoma mshale wa pili kuona kilichobaki. 74 kati ya 80 inapendeza. 62 inataka maelezo. Namba peke yake haitoshi, na fundi mzuri utamjua anavyotumia sikio. Akiinama kwenye bomba la moshi akasikia hewa inafoka, valvu ya kutolea moshi haikai vizuri. Sauti ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka. Ikitokea kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Silinda moja iliyoachwa nyuma mbali na wenzake hunitia wasiwasi kuliko sita zilizoshuka pamoja kidogokidogo. Baada ya hapo aingize kamera ndogo kwenye tundu la plagi akuonyeshe uso wa valvu ya kutolea moshi. Alama za moto ziwe duara lenye kitovu katikati. Zikiwa zimeegemea upande, na ukingo mmoja umegeuka rangi ya kijani, valvu hiyo ina safari chache mbele yake.

Filta ya oili ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani, na sumaku ipitishwe. Vipande vinavyorukia sumaku ni chuma, na mara nyingi vimetoka kwenye kamshafti na vidole vyake.

Kwa huku kwetu naongeza kipimo kimoja ambacho vitabu vya ng'ambo hukitaja kwa haraka. Chukua kitambaa cheupe, ufute ndani ya mfereji wa mpira ulio nyuma ya filta ya hewa, upande wa injini. Kikitoka cheupe, sawa. Kikitoka na udongo mwekundu, injini imekuwa ikila vumbi la kiwanja kila inapopaa, na pistoni zimesagwa hata kama daftari linasema vinginevyo. Tazama pia kilango cha hewa ya dharura, kile kinachofunguka filta ikiziba. Springi yake ikilegea, hewa chafu hupita hapo bila kuigusa filta.

Propela hukaguliwa kwa kidole. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa mbele wa kila bapa, kuanzia shina hadi ncha, ukiwa umehakikisha swichi za moto zimezimwa. Changarawe lazima iache alama. Cha kuangalia ni kama alama zimepigwa tupa zikalainika au zimeachwa na makali ambayo ufa huanzia. Bapa zilizopigwa tupa mara nyingi hupungua upana, na upana una kikomo kilichoandikwa, kwa hiyo zipimwe kwa rula badala ya kukisia. Halafu, injini zikiwa zinawaka, vuta kishikio cha kila propela hadi mahali pa kulaza bapa zielekee upepo kwa makali yake. Mzunguko ushuke haraka, na kushoto na kulia zishuke sawa. Propela inayosita hapa itasita juu ya mashamba yetu ya Puma, na propela isiyolala ni ukuta unaoburuta ndege chini. Mwambie rubani wako pia akumbuke kwamba ndani ya kitovu kuna kufuli zinazozuia bapa kulala mzunguko ukishashuka mno. Propela ya injini inayokufa inatakiwa ilazwe kabla haijasimama.

Kuhusu bodi, uliza imelala wapi usiku. Ndege iliyokaa miaka kumi Zanzibar au Dar es Salaam imepumua chumvi, na chumvi huingia ndani ya mhimili wa bawa na kwenye mabomba ya chini ya fremu ya Aztec, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Iliyokaa Dodoma au Singida, rangi imepauka na plastiki imepasuka, lakini chuma ni kikavu. Chagua iliyopauka.

Kwenye vifaa ndipo pesa nyingi hupotea. Cha kwanza ningefunga ni kipimo cha joto cha kila silinda, kushoto na kulia, chenye kumbukumbu, kwani hicho hukuonya saa nyingi kabla valvu haijavunjika. Cha pili ni kipimo sahihi cha mtiririko wa petroli. Cha tatu ni kitoa ishara cha dharura cha masafa ya 406. Setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 2009, na ndege kongwe nyingi bado zinabeba kile cha zamani mkiani kana kwamba kuna anayesikia. GPS moja nzuri inatosha, hata Garmin 430 iliyotumika. Vioo vikubwa vinavyojaza ubao mzima vinaweza kusubiri.

Na kila kinachofungwa, toa cha zamani pamoja na nyaya zake. Redio zilizokufa na mafundo ya waya ya miaka 40 vinaweza kufika kilo nyingi, nawe unavilipia kila unapopanda. Pima ndege upya kwa mizani. Usikubali uzito ulioandikwa 1978 na kuongezwa kwa kalamu tangu hapo.

Uzito huo unaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya safari. Singida hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 540 kwa mstari ulionyooka, saa mbili hivi kwa Aztec, na injini zote mbili hunywa kama lita 105 kwa saa. Hizi zinataka petroli ya ndege, ile ya buluu, wala si mafuta ya jeti, na usijenge mipango yako juu ya kuipata Singida. Matangi yake hubeba zaidi kidogo ya lita 530. Ukijaza Dar es Salaam unakwenda na kurudi ukiwa na akiba ndogo, na mpangilio huo una faida: ndege huwa nzito inapopaa pwani, penye hewa nene na lami ndefu, na inapopaa Singida imeshamaliza lita 210, yaani kilo 150. Aztec yenye kikomo cha kilo 2,360 itapaa huku na watu wanne ikiwa kilo 250 au zaidi chini ya kikomo, na dari yake ya injini moja inasogea juu ya vichwa vyetu. Anayejaza matangi huku kutoka kwenye mapipa ili asihangaike, kisha akaondoka na abiria watano mchana, ameitupa faida yote hiyo.

Kabla ya kulipa, dai ndege irushwe na rubani mwenye leseni ya injini mbili, na fundi wako awe kiti cha nyuma na kalamu. Arusha panafaa, kiwanja chake kikiwa karibu mita 1,400. Wapande hadi mita 2,400, injini ya kushoto ipunguzwe hadi nguvu inayolingana na propela iliyolazwa, mwendo ushikwe kwenye mstari wa buluu wa kipimo cha mwendo, na kasi ya kupanda iandikwe kwa dakika tatu pamoja na joto la nje na uzito wa siku hiyo. Rudieni kwa injini ya kulia. Kitabu kikisema mita 60 kwa dakika nanyi mmeona 25, sababu ipo na inatafutika: bapa zilizosagwa, flapu isiyofunga hadi mwisho, milango ya magurudumu iliyopinda, silinda moja isiyofanya kazi yake. Gharama ya kuirekebisha itolewe kwenye bei, na kipimo kirudiwe baada ya matengenezo. Muuzaji akikataa ndege yake kupimwa hivyo, mrudishie funguo.