Somo Wangu Seremala

Ukipita Kangemi na Uthiru ukiifuata Waiyaki Way kuelekea Kikuyu, unaingia Kinoo, na huko hukosi kumwona seremala kazini: paa la mabati, benchi zito, vitanda na meza zimepangwa nje zikingoja wanunuzi. Mpita njia huvutwa na vanishi inayong'aa. Mimi macho yangu huenda kwanza pale tendegu la kitanda linapokutana na kitakizo. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Nina sababu ya kutazama hapo. Nilibatizwa Yosefu, na somo wangu alikuwa mtu wa kazi hii. Mathayo anasimulia kwamba watu wa kwao Yesu walipoishangaa hekima yake, waliulizana kama huyu si mwana wa seremala. Jambo la ajabu ni kwamba katika Injili zote nne, Yosefu mwenyewe hanukuliwi neno hata moja. Anaota, anaamka, anafanya aliloagizwa. Mtakatifu wa namna hiyo humjui kwa maneno yake. Sharti umtafute katika kazi. Nami nimemtafuta kando ya benchi la fundi mmoja wa Kinoo, mzee asiyependa kuharakishwa.

Kazi yake huanza kabla ya msumeno. Mbao mbichi huzipanga kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka huweka vipande vyembamba ili hewa ipite. Mbao iliyokatwa juzi ina maji, na ikikaukia ndani ya nyumba ya mtu hujikunja, ikauvuta mlango au kuipasua meza. Kwa hiyo mzee hungoja. Ikisha kukauka, huigeuza huku na huku akiipapasa kwa kidole gumba, atambue nyuzi zake zimelala kuelekea wapi. Randa ikifuata nyuzi, maranda hutoka marefu na membamba, na uso wa mbao hubaki laini. Ikienda kinyume, huunyofoa uso huo, na msasa hautaficha kidonda.

Kisha huja kiungo. Upande mmoja anachonga ulimi, upande wa pili anatoboa tundu la kuupokea. Mstari anauchora kwa ncha ya kisu, kwa kuwa mchoro wa penseli una unene, na unene huo unatosha kukilegeza kiungo. Ulimi huupa takriban theluthi moja ya unene wa mbao: ukizidi, kuta za tundu hubaki dhaifu, ukipungua, ulimi wenyewe huvunjika. Tundu linalopenya mbao hulichimba kwa patasi kutoka pande zote mbili hadi mikato ikutane katikati, maana akilichimba kwa upande mmoja tu, patasi itapasua mbao inapotokea ng'ambo.

Kabla ya gundi, anakijaribu kiungo kikiwa kikavu. Ulimi ukiingia wenyewe bila kusukumwa, umelegea na gundi haitauokoa. Ukidai kupigwa nyundo kwa nguvu, utalipasua tendegu. Unaofaa huingia kwa mkono na kumalizikia kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mbao. Usipoingia hivyo, mzee huuchomoa, akapunguza unyuzi mmoja, akajaribu tena. Nimemwona akirudia hivyo bila kukunja uso.

Ubao mpana wa kitakizo haupaki gundi kabisa. Huuingiza katika mfereji aliouchimba kwenye fremu na kuuachia nafasi. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu unavyobadilika, na Kinoo ina Julai ya ukungu na Februari ya jua kali. Ukiufunga ubao huo pande zote, utapasuka. Fundi anajua pa kukaza na anajua pa kuachilia.

Yote haya yakishaunganishwa hayaonekani. Mnunuzi atalipa, atabeba, atalala, wala hatauona ule ulimi ndani ya tundu. Hapo ndipo ninapomwona Yosefu waziwazi: mtu aliyefanya sawasawa kazi ambayo hakuna aliyeikagua.

Kanisa limempa heshima rasmi. Mwaka 1870 Papa Pius IX alimtangaza kuwa msimamizi wa Kanisa lote. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei, siku ambayo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeishika tangu karne ya 19. Kwetu Kenya siku hiyo ni ya mapumziko ya umma pia. Na hapo Kangemi, si mbali na Kinoo, liko kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi linalotunzwa na Wajesuiti. Papa Francis alilizuru tarehe 27 Novemba 2015, akasema kwamba ardhi, makazi na kazi ni haki takatifu za watu. Palikuwa mahali pazuri pa kuyasema hayo, katika mtaa ambao wakazi wake wengi huishi kwa kazi za mikono.

Lakini heshima ya altareni haitoshi ikiwa kwenye karakana tunamkaba fundi kwa bei na kumtaka kitanda ifikapo kesho. Bei hiyo hununua misumari miwili mahali pa ulimi na tundu, na mbao mbichi mahali pa mbao kavu. Fundi anayejua kazi analazimika kuijua nusu tu, na kijana anayejifunza kwake hujifunza hiyo nusu.

Basi ndugu msomaji, utakapoagiza kitanda au meza, Kinoo au kwingineko, muulize fundi mbao imekauka kwa muda gani, na mwombe akuonyeshe kiungo kabla hakijafungwa. Kisha mpe muda, na umlipe muda huo.