Ushahidi wa Picha Zilizotupwa

Katika usiku wa kupamba huku Mombasa, bi harusi akisha kuketishwa jukwaani na wanawake wakafungua chakacha, ziko dakika chache ambazo ndizo hasa mpiga picha hulipwa ujira kwa ajili yake: somo, yaani kungwi wa bi harusi, hujifunga leso kiunoni, huingia uwanjani, huinua mkono, na kiuno kikaitika ngoma. Nilipompelekea mama wa bi harusi mmoja picha ya dakika hiyo, aliitazama kwa kitambo, kisha akaniuliza kwa upole uliouma kuliko lawama, "Mwanangu, na huu mkono wake umekwenda wapi?" Mkono ulikuwapo, walakini ulikuwa umeyeyuka mfano wa moshi wa udi, na bangili zake sita zimekuwa utepe mmoja wa dhahabu. Usiku ule ule nilitia azma ya kuiuza kamera yangu na kununua ile iliyoifuatia.

Azma hiyo haikutimia, na makala haya yanaeleza jinsi nilivyoipima. Kwani aghalabu sisi watu wa kazi hii huamua jambo la fedha nyingi kwa kusoma orodha ya sifa za chombo kipya, ilhali hukumu ya haki huanza kwa kusoma makosa ya chombo cha zamani.

Kamera niliyo nayo ni Sony A7 III, ya jamii ya kamera zisizo na kioo ndani, ambazo mpiga picha akichungulia katika kidirisha haoni nuru iliyorudishwa na kioo bali huona taswira iliyokwisha kufanywa na umeme. Ilitangazwa Februari 2018, ina pikseli milioni 24, na bodi yake bila lenzi ilianza kuuzwa Marekani kwa takriban dola 2,000. Iliyoifuatia, A7 IV, ilitangazwa Oktoba 2021, ina pikseli milioni 33, na ilianza kwa takriban dola 2,500. Mtu akiishia hapo ataona kwamba jambo ni wazi, kwa kuwa 33 ni nyingi kuliko 24, na mwaka 2021 ni mpya kuliko 2018. Mimi sikuishia hapo, na sababu si hekima bali ni ufinyu wa mkoba.

Nilifungua diski ninamoweka picha za arusi za msimu uliopita, nikazitoa zile zote nilizozikataa, nikazigawa katika mafungu matatu kwa kufuata dalili, kama tabibu anavyotenga homa na homa. Ikiwa uso wa mtu umefifia lakini pazia la nyuma yake au ua la jukwaani ni kali, hilo ni kosa la fokasi, maana kamera imelenga pasipo pake. Ikiwa kila kitu katika picha kimeburutwa kuelekea upande mmoja, kuanzia taa hata viti, huo ni mtetemo wa mikono ya mpiga picha. Na ikiwa vitu vilivyotulia ni vikali ilhali kile kilichokuwa kikienda ndicho kilichoyeyuka, hapo kamera haina hatia wala mikono haina hatia. Shata imebaki wazi kwa muda mrefu kuliko mwendo wa mchezaji.

Fungu la tatu lilikuwa kubwa kuliko mawili ya kwanza yakijumlishwa. Picha ya yule somo nilikuwa nimeiweka kichwani mwangu katika fungu la kwanza, na nikaapa kwamba fokasi ndiyo iliyonifedhehi. Lakini nilipoikuza nikaona nyuma ya mkono ule ulioyeyuka kope za bi harusi zinahesabika moja moja, na uso wa somo mwenyewe, aliyekuwa ametuliza kichwa huku kiuno kikienda, haukuwa na dosari. Kumbukumbu za faili zilinena yaliyosalia: shata 1/60 ya sekunde, tundu la lenzi f/2.8, ISO 3200. Niliyoyaita maradhi ya kamera yalikuwa ni uhaba wa nuru ukumbini, na uamuzi wangu mwenyewe wa kuiacha shata polepole.

Ndipo nikaiuliza A7 IV swali moja tu: katika sifa zako zote, ni ipi itibuyo fungu la tatu? Ina uwezo wa kutuliza mtetemo kwa hatua 5.5 za mwanga mahali ambapo yangu ina hatua 5. Lakini utulizaji huo huzuia mikono yangu isitikise picha, haumzuii mchezaji asicheze. Ina nukta 759 za kutafuta fokasi badala ya 693. Lakini fokasi haikuwa mgonjwa. Ina kihisi cha mwanga chenye milimita 36 kwa 24, kipimo kile kile cha changu, basi nuru iingiayo katika mbili hizi, kwa lenzi moja na shata moja, ni nuru moja.

Zikabaki pikseli, na hapa hesabu inataka utulivu. Picha ya A7 III ina pikseli 6,000 kwa 4,000, na ya A7 IV ina 7,008 kwa 4,672. Idadi imeongezeka kwa zaidi ya theluthi, lakini upana wa picha, ambao ndio jicho huupima, umeongezeka kwa asilimia 17 tu. Albamu zinazopendwa na aila za hapa, zikiwa na ukurasa wa sentimita 45, hupata kutoka kwa kamera yangu ya zamani pikseli 339 kwa kila inchi, na wachapaji huridhika na 300. Fauka ya hayo, mkono uliosogea umbali fulani katika muda wa 1/60 ya sekunde utaenea juu ya pikseli nyingi zaidi katika kamera mpya, hata ukikuzwa kwenye kompyuta utaonekana umeyeyuka zaidi, wala si kidogo.

Ili nisije nikajidanganya kwa hesabu za mezani, nilimwomba mwenzangu aniazime bodi yake mpya kwa usiku mmoja, nikaifunga lenzi ile ile na vipimo vile vile. Tulipochapa picha za kamera mbili kwa ukubwa wa albamu na kumtandazia fundi wa kujalidi bila ya kumwambia ipi ni ipi, alizigeuza geuza, akachagua moja kwa rangi ya leso iliyokuwamo, si kwa ukali wake.

Dawa ya fungu la tatu ni nuru, na nuru hupatikana kwa lenzi. Lenzi ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8 huingiza nuru mara 2.4 ya ile ya f/2.8, nayo hutosha kuipandisha shata kutoka 1/60 hadi 1/125 na kubakisha akiba; ukiongeza ISO kutoka 3200 hadi 6400 unafika 1/250, na bangili zinaanza kutengana. Sony FE 85mm f/1.8 ilipotoka mwaka 2017 ilianza kwa takriban dola 600, kiasi kisichofika robo ya bei ya kuanzia ya A7 IV. Nayo ina masharti yake: eneo lililo kali huwa jembamba, hata mkono ulionyoshwa mbele ya uso waweza kutoka nje ya fokasi, basi yafaa kungoja mchezaji akae ubavu ndipo ubonyeze.

Nisiidhulumu kamera mpya. Mwenye kupiga video atakuta mizani imegeuka: yangu hurekodi kila rangi kwa daraja 256, nayo kwa daraja 1,024, tofauti ionekanayo mara moja katika gauni jeupe likirekebishwa rangi, yangu haifuati jicho la mtu katika video, nayo hulifuata, na kioo chake cha nyuma hufunguka kando kikazunguka. Anayeandika kila picha katika kadi mbili kwa pamoja, kama itupasavyo sote katika siku isiyorudiwa, atafurahi kwamba matundu yake yote mawili ni ya kadi za mwendo mkubwa, ilhali katika A7 III tundu la pili ni la mwendo mdogo, na msafara huenda kwa mwendo wa ngamia aliye nyuma.

Lakini kila neema ina gharama yake. Betri ni ile ile moja, nayo kwa kipimo cha kutumia kioo cha nyuma hutoa picha 710 katika yangu na 580 katika mpya. Kasi ya picha 10 kwa sekunde hubaki 10 mradi faili ghafi zibanwe kwa kupoteza kitu kidogo. Ukitaka zibanwe pasipo hasara, kasi hushuka hata karibu na 6. Na faili zile zilizobanwa kwa kupoteza kitu kidogo, zikipewa baiti moja kwa kila pikseli, huifanya arusi ya picha 3,000 kutoka gigabaiti 72 kufika 99, mzigo ambao diski na kompyuta havitaubeba kwa hisani.

Hukumu yangu, basi, ilikuwa kununua lenzi na kubaki na bodi. Niliweka masharti ya kuivunja hukumu hiyo: ama wateja wangu waanze kudai video kuliko picha, ama shata yangu ikaribie mara 200,000 ilizofanyiwa majaribio na mtengenezaji, ama fungu la fokasi lilipite fungu la mwendo. Kwa ajili ya sharti hilo la tatu nimeacha ada yangu ya kale ya kufuta picha mbovu usiku ule ule wa arusi kwa haya ya kuziona. Nazihifadhi hata msimu uishe, kisha nazigawa upya katika mafungu yake, na hapo ndipo najua ni kitu gani cha kununua, au kama kipo.