Mahali Pistoni Inaposimama

Kabla hajashika bisibisi, mjomba huweka kidole gumba kwenye flaiwili na kuizungusha taratibu. Anatafuta mahali pamoja tu, pale pistoni inapofika juu kabisa. Injini nzima ikiwa baridi hugoma hapo. Flaiwili inakaza, inataka kusukumwa kwa nguvu, kisha inaachia kwa mlio mdogo mkavu. Hii aliyoletewa inapita bila ubishi. Anarudia mara kadhaa huku akitazama nje, kwa maana hatua hii ni ya vidole peke yake.

“Imelegea,” ananiambia. “Lakini si ya kutupa, mama.”

Ni injini ya gari dogo la rimoti, lile la mashindano ambalo urefu wake unakaribia nusu mita. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 3.5, na kipenyo cha silinda ni milimita 16 na ushee. Pamoja na udogo huo, inaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, hizo ni mara 500 kwa sekunde, na kila mzunguko pistoni husimama mara mbili, juu na chini, ikageuka na kurudi ilikotoka. Haina ringi. Pistoni ni ya alumini, na slivu inamopita ni ya shaba ya manjano iliyopakwa kromi kwa ndani. Kinachozuia mgandamizo usivuje ni namna vipande hivyo viwili vinavyokaana, basi.

Ukaaji huo umetengenezwa kwa ujanja unaonistaajabisha kila nikiufikiria. Slivu si bomba lililonyooka. Juu ni nyembamba kidogo kuliko chini, kwa tofauti ya sehemu kadhaa za mia za milimita, hivyo pistoni ikiwa baridi inabanwa inapofika kileleni. Injini ikishapata moto, sehemu ya juu, karibu na mlipuko, huwa na joto kuliko ya chini inayopozwa na mafuta mabichi yanayoingia. Juu hutanuka zaidi, na bomba linanyooka. Aliyeibuni alitengeneza kitu kisicho sawa kikiwa mezani ili kiwe sawa kikiwa kazini. Wembamba huo wa juu ukilika, injini inawaka vizuri ikiwa baridi, inapata moto, inakosa nguvu, inazima.

Seti mpya ya pistoni na slivu huagizwa nje, na si ajabu bei yake ikakaribia nusu ya bei ya injini. Ndiyo maana vijana wenye magari haya humletea mjomba nyumbani kwake Upanga, hapa Dar es Salaam. Maisha yake yote ya kazi alikereza vyuma. Sasa amestaafu, na verandani ana meza nzito ya mbao, jiliwa ndogo, maikromita ndani ya kasha lake, na taa anayoivuta karibu kwa mkono.

Anafungua kichwa cha silinda kwa mshazari, kila skrubu robo mzunguko kwanza ili kichwa kisipinde, ndipo anazilegeza zote. Chini yake kuna pete nyembamba za shaba zinazopanga nafasi ya mlipuko. Anazibandua kwa kibano na kuziweka juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyokaa. Slivu imegandamana na mwili wa injini. Haipigi, wala haishiki kwa koleo. Anaipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, anapenyeza kipande laini cha plastiki kwenye tundu la ekzosi, kisha anazungusha flaiwili polepole. Pistoni inapanda, inakikuta kile kipande, na slivu inainuka yenyewe mpaka inashikika kwa vidole. Kabla ya kuitoa pistoni anaitia nukta ya wino upande wa mbele. Pistoni na slivu zimelika pamoja, kila moja kwa umbo la mwenzake. Kuigeuza pistoni nyuma mbele ni kuzifanya zianze kujuana upya.

Pistoni imevaa gamba la kahawia. Mafuta ya injini hizi ni methanoli na nitromethani, yamechanganywa na mafuta ya kulainisha, na mara nyingi sehemu ya hayo ni mafuta ya nyonyo. Nyonyo hulinda chuma vizuri kwenye joto kali, ila likiungua huacha rangi ngumu isiyokubali sabuni. Mjomba ana sufuria moja iliyotengwa, ina alama ya rangi nyekundu kwenye mpini, na shangazi anajua kwamba haiingii jikoni kamwe, kwa sababu humo hutiwa kulanti ya gari, nayo ni sumu. Vipande vinakaa humo, ndani ya kulanti inayopashwa kwa moto mdogo bila kuchemka, kwa saa nyingi. Vikitoka, gamba linafutika kwa mswaki wa zamani. Angetumia msasa angemaliza mapema, lakini angeondoa na chuma anachotaka kukiokoa.

Sasa kipimo chenyewe. Slivu imekauka, pistoni imekauka, hakuna tone la mafuta. Anaiingiza pistoni kwa chini na kuisukuma juu kwa kidole kimoja, bila kukaza. Kwenye seti nzima ingesimama njiani, milimita chache kabla ya ukingo. Hii inateleza hadi juu na kutokeza.

Chombo cha kazi amekitengeneza mwenyewe kutokana na kikatio cha mabomba, kile cha mafundi wa maji chenye gurudumu kali upande mmoja na roli mbili upande wa pili. Gurudumu la kukatia amelitoa, na mahali pake amefunga beringi ndogo laini. Anaikumbatisha slivu kwa chombo hicho chini kidogo ya mdomo wake wa juu, kwenye ule ukanda ulio juu ya tundu la ekzosi, ambako pistoni humalizia safari. Anakaza kishikio mpaka beringi iguse tu. Kisha anazungusha duru nzima, tena duru nzima, kwa mwendo uleule. Anaongeza mkazo kiasi ambacho mimi sikuona kishikio kikisogea. Anazungusha tena. Hasimami katikati ya duru, kwa kuwa pale ambapo beringi imesimama chini ya mkazo ndipo slivu huweza kupoteza uduara, na slivu iliyopoteza uduara haina dawa nyumbani.

Kisha anaitoa, anaifuta, na kujaribu pistoni. Bado inapita. Anarudisha chombo, anakaza kidogo, anazungusha, anatoa, anafuta, anajaribu. Katika kumtazama nilielewa kwamba muda mwingi wa kazi hii haukuwa wa kubana. Ulikuwa wa kuangalia kama amebana. Shaba ikishasogea ndani hairudi nje kwa urahisi, na kromi ikikunjwa kwa pupa huchanika na kumenyuka. Kwa hiyo kila mara anakwenda pungufu ya anachokitaka.

Hatimaye pistoni inasimama. Haigongi, inapunguza mwendo, inakuwa nzito chini ya kidole, inatulia karibu milimita mbili kabla ya ukingo. Anaitoa, anaizungusha slivu mkononi, anajaribu tena. Inasimama palepale. Kwa lenzi anakagua ndani kama kromi imepasuka, kwanza ukutani, halafu kwenye kingo za matundu. Ni safi. Maikromita anaitumia mwisho, na kuandika vipimo katika daftari.

Beringi mbili za kranki zinamchukua muda mfupi zaidi, ingawa kwa pwani yetu ndizo huharibika kwanza. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na mabaki yake ndani ya injini iliyoachwa bila mafuta ya kulainisha huleta kutu. Anauweka mwili wa injini ndani ya oveni, karibu nyuzi joto 150, anaushika kwa glavu nene na kuubisha mara moja juu ya ubao. Beringi kubwa ya nyuma inadondoka yenyewe, kwa sababu alumini imetanuka kuliko chuma. Ile ndogo ya mbele anaisukuma kwa kijiti. Mpya zilikuwa kwenye friza. Zinaingia bila nyundo.

Konrodi anaichezesha kwa kidole na kuitazama kwa lenzi. Bushi ya shaba ya chini imeanza kuwa umbo la yai, na hapa hana mjadala: anaagiza mpya. Konrodi ikikatika kwenye mizunguko 30,000 huingia ukutani mwa injini, na hakutabaki cha kutengeneza.

Kuiwasha ni sehemu ya kazi vilevile. Slivu iliyobanwa upya ingeitesa konrodi mpya ikizungushwa baridi, hivyo kwanza anakipasha kichwa joto mpaka flaiwili ikubali. Plagi ina waya wa platinamu. Betri ndogo huufanya uwe mwekundu, na baada ya injini kushika, methanoli yenyewe ikikutana na platinamu huuweka katika hali hiyo bila betri. Mafuta anayafungulia kwa wingi. Injini inatoa moshi mzito wa harufu ya nyonyo, inaunguruma chini chini, na mjomba hairuhusu kupanda. Tangi moja, anazima. Kila inapozimwa anageuza flaiwili hadi alama aliyoichora ielekee chini, pistoni ikae mahali pa upana, maana slivu ikipoa pistoni ikiwa juu itanywea na kuibana. Anaiacha ipoe kabisa ndipo ajaze tangi jingine na kupunguza mafuta kidogo.

Nilimuuliza slivu moja inaweza kubanwa mara ngapi. Akanionyesha mtungi wa kioo wenye slivu kuukuu, kromi yake imemenyuka kwa vipande karibu na tundu la ekzosi. Mara mbili, alisema, ikiwa ya kwanza ilifanywa taratibu. Ya tatu hakubali kuifanya, hata mwenye gari akisisitiza. Humwandikia tu namba ya seti ya kuagiza, na kumrudishia injini yake ikiwa imesafishwa.