Ukoo wa Tippu Tip na Koo Zetu

Katika vijiji vya Tunda, upande wa Kibombo, ukoo si hadithi ya kupitisha usiku. Kesi ya udongo ikianza, ao kiti cha ushefu kikibaki wazi, muzee anasimama na kuhesabu mababu mumoja mumoja, mpaka Ankutshu Membele, ambaye Bakusu na Batetela wanamuhesabu kuwa babu yao. Vijana wakiandika hesabu hizi katika daftari, tunawasifu. Lakini mbele ya kushika kalamu, wasome kitabu kimoja cha zamani: Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip.

Tippu Tip alikiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Mudachi Heinrich Brode alikichapisha Berlin, mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley alikigeuza kwa Kiingereza, na mwaka 1974 Padri François Bontinck, wa shirika la Scheut, kwa Kifaransa. Maneno yake ni mafupi, bila mapambo. Njia, mito na masultani wa inchi yetu vinatajwa na mutu aliyeviona kwa macho yake. Kwa sababu hiyo kinastahili kusomwa.

Sasa tuangalie habari ya Kasongo Rushie, sultani muzee wa Utetera, mbele ya mwaka 1874. Tippu Tip alipata kusikia kwamba dada wa sultani alitekwa zamani katika vita. Alipofika, alijitangaza kuwa mujukuu wa mwanamuke yule, aliyenunuliwa na babu yake. Muzee akafurahi, akamuachia inchi. Wachunguzi wa historia wanauona ukoo huu kuwa wa kutungwa, nasi tunakubaliana nao: habari ilisikiwa kwanza, undugu ukazaliwa nyuma.

Tusimucheke Kasongo. Hakudanganywa kwa ujinga, lakini kwa kilio chake cha miaka mingi: uwongo uliingia kupitia kidonda. Kosa kubwa la kitabu liko papo hapo. Yule dada hasemi hata neno moja. Mateso yake yanakuwa ngazi ya mutu mwingine kupandia kitini.

Tena, karatasi peke yake haifanyi neno kuwa kweli. Serikali ya Wabelgiji nayo iliandika: wa Maniema wakaitwa Bakusu, wa Kasai Batetela, na mupaka wa jimbo ukapita kati ya ndugu.

Buku la ubatizo lina kiasi zaidi: mutoto, baba, mama, musimamizi, padri, siku, pahali. Halimupi mutu kiti. Lakini halitoshi, maana haliwajui wazee waliokufa mbele ya misioni kuja, wala ndugu zetu Wametodisti, ambao misioni ya Tunda ni yao.

Basi, wewe unayeandika ukoo wa baba yako, andika pia nani alikuambia, siku gani, na kesi gani ilikuwa mbele ya baraza siku ile. Andika na majina ya wamama, hata wale waliotekwa na kuuzwa. Matayo mutakatifu, akihesabu ukoo wa Bwana wetu, hakuwaficha Tamari, Rahabu na Ruti. Ukoo usioficha kitu hauna haja ya kumudanganya muzee yeyote.