Kijitabu cha Karatasi za Kung'aa

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa hapa Dodoma, aliniletea kijitabu akaniomba nikisome kabla hajauza nyumba yake ya wageni na viwanja vya Kisasa. Anajua nimezeekea katika uhasibu. Viwanja alivinunua kabla Serikali haijaanza kuhamia huku mwaka 2016, na bei yake ya leo huitaja kwa sauti ya chini.

Kijitabu kinahusu kibali cha kuishi Ureno. Mpango huo ulianza mwaka 2012, na wengi waliupitia kwa kununua nyumba. Oktoba 2023 njia ya nyumba ilifungwa, ile ya mifuko ya uwekezaji ikabaki. Mtu huweka yuro 500,000, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja, katika mfuko unaotakiwa kupeleka angalau asilimia 60 ya fedha zake kwenye kampuni za Ureno. Kukaa huko kwenyewe ni wastani wa siku 7 tu kwa mwaka!

Kwa maandishi, kijitabu ni kizuri mno, na hapo ndipo ninapokilaumu. Kurasa nne ni za bahari na watoto wa shule. Ada ya meneja imewekwa mwishoni kwa herufi za sisimizi, nayo hukatwa kila mwaka, faida ipatikane isipatikane. Hakuna panaposemwa kwamba mteja huyu hafuati faida bali kibali, na kwamba akitoa fedha mapema kibali kimo hatarini. Meneja mwenye mteja asiyeweza kuondoka ana haraka gani?

Mfuko wetu wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya UTT, huwauzia vipande hata walimu na wakulima wa zabibu, na asiyeridhika hurudisha vipande vyake akalipwa. Kipande! Babu yangu alitoka Ugogo kwenda mashamba ya katani ya Kilosa, akapewa kipande chake: kadi ya siku 30 za kazi. Kabla haijajaa, hapati mshahara.

Nilimsimulia rafiki yangu hayo. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Mzee mwenzangu, babu yako hakuwa na hiari. Mimi natafuta pa kuwapeleka wanangu, likitokea la kutokea."

Hilo halimo kijitabuni, wala sikuwa na jibu lake katika hesabu zangu. Nilimrudishia nikiwa nimepigia mstari ukurasa wa ada. Nyumba ya wageni haijauzwa bado. Na kibao cha "Inauzwa" hajakiondoa.