Mpeni Mtoto Mkono wa Kushoto

Juzi, kwenye ukumbi wa kanisa mjini Nyeri, mtoto alibonyeza kibodi kwa kidole kimoja. Ngoma, besi na kodi zikajipiga zenyewe. Watu wakasimama: "Mtunzi huyo!" Basi hata anayewasha redio ni mtunzi.

Kasi isikubabaishe, kasi ni mazoezi tu. Wala usiamini umri ulioandikwa jaladani. Variesheni za Beethoven juu ya machi ya Dressler zilipochapishwa Mannheim mwaka 1782, jalada lilidai ana miaka 10, naye alikuwa na 11. Mwaka uliofuata, sonata tatu alizomtunukia askofu mkuu wa Cologne zikamwandika 11, naye ametimiza 12.

Sikiliza kushoto. Mkono wa mtoto mdogo haufiki oktava, kwa hiyo utunzi wake wa kweli hutembea hatua fupi fupi. Vipande vya kwanza vya Mozart, vilivyoandikwa kwa mkono wa baba yake, ni vyembamba, mara nyingi sauti mbili tu. Prokofiev, akiwa na miaka 5 mwaka 1896, alitunga galopu katika F bila kugusa kibonyezo cheusi ambacho F inakidai, kwa kuwa vibonyezo vyeusi vilimtisha. Mama yake, mpiga piano, ndiye aliyeiandika. Mwalimu wa siku hizi angeisahihisha na kuiua.

Mzee mmoja wa Karatina alikuwa akiwaambia watoto, "Nipigie kushoto peke yake, mwanangu." Mwenye kazi yake alisitasita lakini akafika mwisho, mwenye kazi ya kupewa alikwama mapema. Mzazi mmoja alimletea valsi ya bintiye wa miaka saba, kushoto oktava tupu. Mzee akautandaza mkono wa mtoto juu ya piano. Kidole cha mwisho hakikufika. Akamrudishia baba karatasi zake: "Hongera, mzee. Umetunga vizuri."

Sheria nyingine: minueti hushinda valsi, na kurasa mbili zatosha. Mtunzi Korngold alivuka mpaka huo akiwa na miaka 11, lakini huyo ni Korngold.

Zamani, waliolelewa kwa solfa ya misheni, Tumutumu na kwingineko, walifika kwenye piano besi ikiwa tayari kooni. Mvua za Aprili zilivimbisha mbao, vibonyezo vikagoma, kwa hiyo hakuna aliyepoteza noti ovyo.

Anayetaka kuanza achukue sonata ya Beethoven ya F ndogo ya mwaka 1783. Piga utangulizi wake wa polepole kwa kushoto tupu. Ukichoshwa kabla haujaisha, rudi kwenye kasi; huko makofi ni ya bure.